Nyandarua: Msitu Ulio Chanzo cha Maji Yetu



Jana jioni mzee mmoja, ambaye namwona ameketi mbele, aliniuliza swali. Alisema: "Mwanangu, shamba langu limepakana na seng'enge za umeme. Ndani yake mna miti ambayo babu yangu aliikata akajengea nyumba. Mimi nikiingia, nitakamatwa. Maji yatoka mlimani, yapita kando yangu ndani ya bomba kwenda Nairobi, nami nachota mtoni kwa ndoo. Hiyo Mbuga ya Taifa ni ya nani?" Nilimjibu ya kwamba neno moja halitoshi, nikamwomba aje leo. Amekuja, nami namshukuru. Kwa hiyo mengi nitakayosema nitamwelekea yeye, na ninyi wengine mtusikilize kama watu wanaosikia baba na mwana wakizungumza barazani.

Nianze na jina. Kazi yangu ni kufasiri, na neno hili "mbuga" limenisumbua siku nyingi. Mbuga ni uwanda wa majani, mahali pa swala na punda milia. Mbuga ya Aberdare si uwanda hata kidogo: ni mlima, na msitu, na mianzi, na ukungu, na baridi ya kuuma mifupa. Lakini neno lilikwisha zoeleka kabla yangu, wala sina uwezo wa kulibadili. Na hilo jina Aberdare ni la bwana wa Uingereza aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Msafiri Joseph Thomson ndiye aliyeupa mlima jina lake katika safari yake ya 1883 na 1884. Wakikuyu walikuwa wakiuita Nyandarua, kwa maana safu yake ikitazamwa kutoka mbali yafanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Nacho kilele kirefu kuliko vyote Wamasai walikiita Ol Doinyo Lesatima, yaani mlima wa ndama dume. Basi mlima ulikuwa na wenyewe, na majina yake, kabla ya ramani.

Safu hii ina urefu wa yapata kilomita 160 kutoka kaskazini hata kusini, nayo ni ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa. Ilijengwa na volkeno zilizozimika zamani sana. Upande wa magharibi yaanguka ghafula. Upande wa mashariki yateremka polepole, imechanjwa na mabonde ya mito. Kilele cha Lesatima kina mita 4,001, na kile cha Kinangop, upande wa kusini, mita 3,906. Mbuga yenyewe iliwekwa mwaka 1950, nayo ni kilomita za mraba 766.

Mtu akipanda kutoka Nyeri, huyaacha mashamba kwa ghafula, kwa kuwa msitu waanza pale pale penye seng'enge. Penye mvua nyingi husimama mithaiti, miti ile ambayo Waingereza huiita kafuri, na penye ukavu kidogo ni mitarakwa. Juu yake ni mianzi, iliyosongamana hata mchana huwa kama magharibi. Tena ni mimondo mizee yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia. Kisha, kupita mita 3,000, miti yakoma, na mtu hutokea katika nchi asiyoitazamia: majani ya mafundo mafundo, matope meusi, na lobelia ndefu kuliko mtu. Usiku mna jalidi huko, nayo lobelia hufunga majani yake kama mtu anavyojifunika blanketi. Jua likitoka huyafungua. Nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilisahau kuwa viatu vyangu vimejaa maji.

Huko ndiko yaliko maporomoko ya Karuru, ambayo maji yake huanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 273. Mkabala wake, ng'ambo ya bonde, ni maporomoko ya Gura. Wanyama nao ni wengi: tembo, nyati, faru weusi, mbega, na chui ambao baadhi yao ni weusi kabisa. Lakini aliye adimu kuliko wote ni bongo wa milimani, mwekundu mwenye mistari myeupe. Huyo hapatikani tena porini po pote duniani isipokuwa Kenya, na waliosalia porini hawafiki mia moja. Juu ya hoteli ya Treetops, ambako mwaka 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikuwa amelala usiku baba yake alipofariki, mmekwisha sikia ya kutosha, nitaipita.

Sasa, mzee wangu, nije kwenye maji.

Wewe wakumbuka nyumba ya makuti au ya majani, na wajua ya mabati. Mvua ikinyesha juu ya mabati, yapiga kelele, yamwagika yote mara moja, na ikikoma, kwisha. Juu ya nyumba ya majani mvua hukoma, bali matone huendelea kudondoka hata baada ya watu kula na kulala. Mlima wenye msitu ni nyumba ya majani. Mvua ya Nyandarua, ambayo kaskazini-magharibi ni yapata milimita 1,000 kwa mwaka na kusini-mashariki hufikia 3,000, hupokewa na majani, na kuvu, na udongo mweusi uliojaa mizizi, ikatolewa kidogo kidogo hata mwezi wa Februari. Ukiukata msitu, umeezeka mlima kwa mabati.

Na matone hayo huenda mbali. Malewa hushuka magharibi mpaka ziwa Naivasha. Ewaso Narok hupita Nyahururu, ukaungana na Ewaso Ng'iro kwenda katika nchi kavu ya Samburu na Isiolo. Gura, Mathioya, Maragua na Thika huingia Tana. Hiyo huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga na mabwawa mengine chini yake, ikapita Garissa na Hola, ikamwagika baharini huko Kipini. Mpokomo anayelima kando ya Tana labda hajapata kuona jalidi maishani mwake, naye hunywa maji yaliyoanza karibu na jalidi. Tena Nairobi: bwawa la Sasumua lilimalizika 1956, na lile kubwa la Ndakaini 1994, na sehemu iliyo kubwa ya maji ya mji hutoka katika miteremko hii.

Hata hivyo palitokea wakati tulipouvua mlima nguo zake. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha maelfu ya matanuri ya makaa ndani ya msitu, na mithaiti iliyoangushwa kwa wizi, na mashamba ya bangi. Waliochoma makaa hawakuwa wageni kutoka nje. Wala walioyanunua, nao ni sisi watu wa mijini, hatukuuliza yalikotoka.

Hapo ndipo seng'enge zilipoingia. Chama kiitwacho Rhino Ark kiliundwa mwaka 1988 ili kumlinda faru na wawindaji haramu, na kikaanza na kipande kidogo upande wa Nyeri. Wenye mashamba walipoona ya kuwa tembo hawatoki tena usiku kula mahindi na viazi, ndipo kazi ikaendelezwa hata ikauzunguka mlima wote, mbuga pamoja na msitu wa hifadhi, karibu kilomita 400. Ilimalizika mwaka 2009. Wewe mwenyewe, mzee, uliniambia jana ya kwamba zamani ulilala shambani na debe la kupiga kelele, na sasa walala kitandani. Sikusema mimi, ulisema wewe.

Lakini sitadai kwamba neno lako ni la bure. Kwanza, seng'enge hazikuanza kutisha leo. Wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni iliufunga msitu huu, na ndege zilitupa mabomu juu ya mianzi kwa sababu wapiganaji wa uhuru walikaa humo. Dedan Kimathi alishikwa ukingoni mwake tarehe 21 Oktoba, 1956. Mtu aliyekua siku hizo akiambiwa "usiingie msituni," masikio yake husikia mambo mengi kuliko asemayo askari wa wanyama.

Pili, bomba. Viongozi wa Murang'a wamepata kudai hadharani ya kwamba mji unaokunywa uwalipe watu wanaokaa penye chemchemi. Mimi ni mtumishi tu, sipangi bei ya maji. Lakini kwa maoni yangu dai hilo ni la haki, na linafaa kusemwa kwa hesabu, si kwa hasira.

Tatu, kuni. Hapa nafikiri wengi wamekosa kuelezwa. Ndani ya mbuga, iliyo chini ya Shirika la Wanyamapori, hapaokotwi hata kijiti. Bali msitu wa hifadhi unaoizunguka uko chini ya Shirika la Misitu, na tangu Sheria ya Misitu ya 2005, iliyofuatwa na ile ya 2016, wakazi wakijiunga katika chama cha jamii cha msitu waweza kupata ruhusa, kwa ada, ya kuokota kuni zilizokauka, kulisha ng'ombe na kutundika mizinga ya nyuki. Mpaka kati ya hizo mbili haupiti penye seng'enge. Kwa hiyo yule aliyekwambia kwamba ng'ambo ya seng'enge yote ni mbuga hakusema kweli, au yeye mwenyewe hajui.

Mwezi wa Februari 2023 moto uliwaka siku nyingi katika nchi ya juu, nao moshi ulionekana mbali. Jambo hilo lanitia hofu kuliko makaa, maana tanuri lina mwenyewe anayeweza kukamatwa.

Neno moja kwa vijana. Watoto wengi wa Nyeri wamezaliwa chini ya mlima huu wala hawajauingia. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alizaliwa Ihithe, ukingoni mwa msitu huu, na kijito alichochezea utotoni alikuja kukiona kimekauka. Mwalimu akitaka kuwapeleka wanafunzi, lango la Kiandongoro au la Ruhuruini liko karibu. Aende Januari au mapema Februari, maana katika masika magari hukwama. Aulize kwanza kama njia imefunguliwa, na kila mtoto avae sweta, hata kama Nyeri kuna jua.

Nimesema. Aliye na swali na aulize, na huyu mzee wangu namwomba aanze, kwa kuwa naona amekwisha inua fimbo.