Gongo na Mchanga: Kuwachagulia Wazee wa Tabora Vifaa vya Kutembelea



Njia tunayoikanyaga hapa ina historia ndefu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo, ikapumzika hapa Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku zaidi ya 130 kutoka pwani. Mwanzoni mwa 1858, wakielekea Ziwa Tanganyika, miguu ya Burton ilikataa kwa maradhi, ikabidi abebwe kwa machela. David Livingstone naye aliondoka Kwihara, hapo jirani, Agosti 1872, na siku zake za mwisho alibebwa kitandani na watu wake. Wenye msafara walikuwa na wa kuwabeba. Mpagazi wa Kinyamwezi, mwenye mzigo wa frasila mbili begani, akiumia mguu mara nyingi aliachwa kijiji cha karibu, msafara ukaendelea.

Wazee wengi tunaowahudumia wamekaa nafasi ya yule mpagazi. Wa kuwabeba hawapo. Watoto wako Dar es Salaam au Mwanza, na kisima, choo, shamba na zahanati vyote viko umbali wa miguu. Ndiyo maana kifaa tunachompa mzee hakiwezi kuwa kile kilichobaki stoo. Ninalotaka kulisema leo ni hili: tunampima mgonjwa, lakini njia yake hatuipimi.

Nilijifunza hilo kwa bibi mmoja wa Uyui. Alivunjika nyonga, akapona, na mwanawe akamnunulia mjini fremu nzuri ya alumini yenye magurudumu mawili mbele. Kwenye sakafu ya wodi aliitumia vizuri na sote tukafurahi. Nilipomtembelea nyumbani baada ya wiki kadhaa nilikuta magurudumu yamejaa mchanga hadi kwenye ekseli. Mnajua mchanga wetu wa kiangazi, ule mwepesi unaomeza kisigino. Kila hatua bibi alikuwa anaing'oa fremu kwa mikono miwili, anaitupa mbele, halafu anaifuata. Alikuwa ameshaanguka mara moja akienda choo. Na choo chenyewe, cha shimo, mlango wake ulikuwa mwembamba kuliko fremu. Aliiacha nje akaingia akishika ukuta wa udongo. Kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu nilimruhusu aondoke bila kumuuliza anakwenda kutembea wapi.

Tulianza upya. Alikuwa na nguvu za kutosha mikononi na mguu mmoja mzima, kwa hiyo gongo moja lilimtosha. Fundi seremala alimchongea la mninga, mti usiopinda wala kupasuka ovyo ukikauka. Chini tulilivisha kipande cha tairi alichokikata fundi wa makatambuga, kipana kama kisosi kidogo, ili lisidumbukie mchangani. Chooni wajukuu walisimika nguzo mbili imara, moja kila upande wa tundu, za kushika anapochuchumaa na anapoinuka. Nguzo hizo nazo nazihesabu kuwa vifaa vya kutembelea, ingawa hazitembei.

Sasa kipimo chenyewe. Mzee asimame wima kadiri anavyoweza, amevaa viatu vyake vya kila siku. Kama hutembea peku, apimwe peku. Mikono ining'inie. Kishikio kifike kwenye mkunjo wa kiwiko cha mkono, pale saa inapofungwa. Akilishika gongo, kisugudi kipinde kidogo tu. Likiwa refu bega linapanda na usiku shingo inauma. Likiwa fupi mtu anainama mbele, na aliyeinama huangukia mbele.

Gongo hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Hili watu hulikataa kwanza, kwa kuwa mkono unapenda kwenda kulikouma. Mwonyesheni kwa vitendo: mguu wa kushoto ukiuma, gongo liwe kulia, na vyote viwili vitoke pamoja. Penye ngazi au kizingiti, apande kwa mguu mzima, ashuke kwa gongo na mguu mbovu.

Ile fimbo ndefu ya mzee, inayofika kifuani, msiidharau. Haibebi uzito vizuri, ila inaipa mikono habari ya ardhi: shimo liko wapi, utelezi umeanzia wapi. Kwa mtu ambaye shida yake ni kuyumba, kugusa huko tu kunamtuliza. Anayehitaji kuegemea kwa nguvu, huyo fimbo ndefu haimfai. Gongo la miguu minne nalo linasimama imara sementini. Kwenye mizizi ya miembe mguu mmoja hubaki hewani na gongo zima likayumba.

Magongo ya kwapani ni kwa asiyeruhusiwa kukanyaga mguu mmoja. Pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na gongo, na uzito ukae viganjani. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, mkono ukafa ganzi hata kushika kijiko kukawa kazi.

Na kabla ya yote, ulizeni kwa nini anayumba. Mtoto wa jicho, dawa za presha zinazomzungusha kichwa anaposimama, sukari iliyoua hisia za nyayo: hayo hayaponi kwa gongo.

Nimewaona wazee wanaume wakisukuma baiskeli wasiyoipanda tena. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye tandiko, ndoo ya maji nyuma. Wenyewe wamejichagulia kifaa kinachopita mchangani, kinachobeba mzigo na kisichowavunjia heshima. Naomba tuwaachie, tukague breki tu. Heshima ni jambo zito: fimbo ya mwanamume watu huiona ya uzee uliostahiki, wakati wanawake wengi huniambia gongo litawatangaza kuwa wamekwisha. Bibi wa Uyui alilikubali lake baada ya fundi kulichongea kishikio laini na kulipaka mafuta likang'aa.

Haki ya kupata vifaa hivi ipo kwenye maandishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2016, ina magongo na fremu. Mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya mifupa wanafunzwa Moshi tangu 1981. Lakini sheria haimfuati mzee hadi kisimani. Sisi ndio tunaofika huko.

Mchana tutatoka nje na futi kamba. Kila wawili watapimana gongo, mmoja afungwe goti lisikunjike, kisha atembee kutoka kwenye lami hadi kwenye mchanga ulio chini ya miembe na kurudi, akiwa na ndoo nusu ya maji mkono wa pili.