Rafiki za Utoto Wetu



Milima haikutani, wanadamu hukutana. Lakini hukutana yule aondokaye kwake akamtafuta mwenziwe. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, na Mwanza mwaka 1928, ilichukua makarani na waalimu, ikawatawanya mbali na wenzao waliojifunza nao kusoma. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa barua za wasomaji wa kila upande, na jina chini ya barua liliweza kumjulisha mtu alipo mwenziwe.

Sisi nasi tunalo deni. Mwenzetu mmoja, tuliyegawana naye muhogo njiani kwenda shule, alituandikia. Tukasema, "Kesho tutajibu." Kesho ile ikawa miaka saba. Tulipojibu, aliyetuletea jawabu ni mwanawe: baba yake alikuwa akiuliza habari zetu hata siku ya kufa kwake.

Basi, ndugu zetu, twawasihi: usiku huu kila mmoja akumbuke jina moja, aulize kwa jamaa, aandike. Tusiseme, "Ametusahau"; yamkini naye adhani vivyo hivyo.