Kesi za Madai Zikiongezeka, Je, Tumekuwa Wagomvi?

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi)



Idara ya Mahakama inapotoa ripoti yake ya mwaka, mara nyingi nasikia maneno yaleyale: kesi za madai zimeongezeka, kwa hivyo watu wamekuwa wagomvi. Leo nataka kulipinga jambo hilo.

Kesi ya madai si ya jinai. Ni ya deni, kodi ya nyumba, mkataba, fidia ya ajali, shamba au urithi. Idadi yake inaonyesha ni wangapi waliofika mahakamani. Haionyeshi ni wangapi wanaodhulumiwa.

Kumbukeni mwaka 2020. Machi 15, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitangaza kupunguzwa kwa shughuli za mahakama kwa sababu ya korona. Kesi mpya zikapungua. Je, madeni yalipungua? Nyote mnakumbuka mwaka ule. Wapangaji walishindwa kulipa kodi, wafanyabiashara wakakosa pesa za bidhaa walizotoa kwa mkopo. Shida zilizidi, ila mlango ulikuwa umeegeshwa.

Mwaka uliofuata, Mahakama ya Madai Madogo ilianza Milimani, Nairobi, kisha ikafunguliwa katika maeneo mengine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi ikamilike ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mama aliyeuza magunia ya mahindi kwa mkopo na kuzungushwa miezi minane, zamani angenyamaza kwa sababu wakili angemgharimu kuliko deni lenyewe. Siku hizi anashtaki. Huyo ni mmoja katika hesabu ya kesi zilizoongezeka, na mimi siwezi kumwita mgomvi.

Lakini msiende huko na kila jambo. Mahakama hiyo haishughulikii umiliki wa ardhi, kesi za kuchafuliwa jina, wala migogoro ya mwajiri na mfanyakazi. Na hapa niseme wazi: mahakama haziendeshwi na kaunti. Wengi huja ofisini kwetu na kesi za madeni, nasi hatuna mamlaka ya kuziamua.

Kinachonisumbua zaidi ni wanaosubiri. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa kortini. Fidia ya kuumia, kwa kawaida, miaka 3. Kurejesha ardhi, miaka 12. Muda huo ukipita, mdaiwa anaweza kusimama na kusema umechelewa, na kesi ikafia hapo hata kama kweli alikula pesa zako. Ahadi za "nitalipa mwezi ujao" zimewamalizia wengi muda.

Kwa hivyo tunza karatasi. Risiti, makubaliano yaliyotiwa sahihi, ujumbe wa M-Pesa, hata jumbe za simu alizokiri deni. Mwandikie kwanza barua ya kudai, ukae na nakala. Mkiweza kuelewana mbele ya wazee, vyema. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi. Ila makubaliano hayo yaandikwe.

Na ukishinda, hukumu si pesa mkononi. Asipolipa, unarudi kuomba hukumu itekelezwe, na hapo ndipo dalali huingia.

Sasa, mwenye swali aanze. Mzee pale nyuma, nimekuona.