Hesabu Mapigo ya Moyo, Kisha Upimwe Sukari

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi waliofika sokoni kupimwa sukari bila malipo



Mimi si daktari. Daktari yuko hapa, na muuguzi yuko pale mezani. Kazi yangu ni kupiga picha na kuwaandikia jarida hili. Nimeomba dakika chache kwa sababu mwaka jana, kwenye kambi ya matibabu kama hii, nilikuja na kamera nikaondoka na kijikaratasi chenye majibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeketi nikimsubiri mgeni rasmi. Mnawajua wageni rasmi. Muuguzi akaniambia, "Badala ya kukaa bure, lete mkono." Akanishika kifundo, akatazama saa. Mapigo 94 kwa dakika, na nilikuwa nimekaa zaidi ya nusu saa! Akarudia baadaye, akapata 92. Akaniuliza kama nina homa, kama nimekunywa kahawa, kama nimetafuna miraa. Hapana. Kwa kuwa tulitoka alfajiri, sikuwa nimekula chochote tangu usiku, basi akanidunga kidole. Sukari ikawa 6.4.

Mtu ambaye hajala kwa saa nane au zaidi anatarajiwa kuwa chini ya 6.1. Ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo cha pili kikithibitisha, huo ni kisukari. Mimi nilikuwa hapo katikati, njiani. Na sikuwa na kiu isiyoisha, sikuwa naamka usiku kukojoa, sikuwa nimekonda. Kama si yule muuguzi, ningeendelea na safari hiyo bila kujua.

Nilitaka kuelewa ni kwa nini alianza na moyo. Nikasoma, nikakutana na utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi na wastaafu wa kampuni ya makaa ya mawe ya Kailuan, huko Tangshan, kaskazini mwa China. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 73,000 ambao hawakuwa na kisukari, kwa takriban miaka minne. Zaidi ya 4,600 wakapata kisukari. Majibu yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa kila mapigo 10 yanayoongezeka mtu akiwa amepumzika, hatari ya kupata kisukari ilipanda kwa asilimia 23. Yaani, kama kundi la watu wenye mapigo 65 lingetoa wagonjwa 100, kundi la ukubwa huohuo lenye mapigo 75 lingetoa kama 123.

Moyo na sukari wapi na wapi? Mwili una mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo tunaposhtuka au kukimbia, na mingine inayoutuliza. Ile ya kuharakisha ndiyo pia inayoliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu ili tupate nguvu. Ikiwa mtu anaishi na msongo wa mawazo, halali vizuri, anavuta sigara, au anakaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni, upande huo unabaki umewashwa kama taa ya mchana. Insulini inalazimika kufanya kazi kubwa zaidi. Mwili usiofanya mazoezi nao una moyo unaopiga haraka na misuli isiyoipokea sukari vizuri.

Lakini tusielewane vibaya. Moyo kwenda mbio si kisukari. Malaria, upungufu wa damu, ujauzito na tezi la shingo vinaweza kuupandisha. Tena mapigo ya polepole si cheti cha kukwepa kipimo. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, hupunguza mapigo, kwa hivyo anayezimeza asijilinganishe na jirani. Na asiziache.

Sasa tujaribu. Mmekaa zaidi ya dakika tano, inatosha. Geuza kiganja kitazame juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo upande wa kidole gumba. Usitumie gumba kupima, kwa maana lina mapigo yake na litakuchanganya. Bonyeza taratibu. Mmepata? Nitaangalia saa, nyinyi mhesabu sekunde 30, kisha mzidishe mara mbili.

Kwa kawaida mtu mzima ana kati ya 60 na 100. Hakuna nambari moja inayomtenga mgonjwa na mzima. Rudia nyumbani asubuhi kabla hujaamka kitandani, siku tatu hivi, uandike. Ukipata zaidi ya 100 kila mara, nenda kituo cha afya. Kama kifua kinauma, pumzi zinakata au unahisi kizunguzungu, nenda leo.

Mimi niliambiwa nitembee. Siku hizi nashukia stendi na kumalizia kwa miguu, dakika thelathini, siku tano kwa wiki. Vijana wa bodaboda, mtanisamehe kwa nauli hiyo. Soda nimeacha, na chai naizoea bila sukari, ingawa bado inanishinda siku ya mvua. Mwezi uliopita mapigo yalikuwa 76, sukari 5.6.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulipata kwamba takriban Wakenya 88 kati ya 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Leo vifaa viko hapa. Hata wahamasishaji wa afya ya jamii wanaowatembelea nyumbani walipewa mashine hiyo katika mikoba yao, muwaulize.

Mkifika mezani mwambieni muuguzi mapigo mliyohesabu. Na kama umekunywa chai na mandazi asubuhi, usifiche, kwa sababu majibu ya aliyekula husomwa tofauti. Mzee wa kofia pale mbele, naona umeuficha mkono. Tuanze na wewe.