Mgonjwa Aliye Chumba cha Nyuma



Wapendwa wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliotoka vigangoni katika mvua hii ya Rungwe isiyochoka: tuliombwa tuzungumze juu ya haki na amani. Huenda mlitazamia tuanze na mipaka ya mashamba. Tumechagua kuanza na kitanda cha mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa usiku kumpa Mpako wa Wagonjwa bibi mmoja mjane, katika kitongoji kilicho juu kuelekea mlimani. Alikuwa na saratani ya titi. Tulisali, tukampaka mafuta, tukampa Komunyo, tukanywa chai tuliyoandaliwa, tukarudi parokiani. Alitushika mkono kwa nguvu nyingi, nasi tukadhani ni imani. Baada ya wiki tatu akafariki. Ndipo mkwewe alipotueleza kwamba siku zote zile mama yule alikuwa akiuma kanga ili asipige kelele, wajukuu wasiamke. Mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kulala, na dawa yake ilikuwa Panadol mbili mbili. Sisi hatukuuliza. Tuliyajua maneno yote ya sakramenti, wala hatukumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Katika mazishi yake walichinjwa ng'ombe wawili. Hatuidharau desturi hiyo. Msiba wa Kinyakyusa ni shule ya mshikamano, na mwenye kufiwa huku haachwi peke yake. Lakini ng'ombe mmoja kati ya wale, angeuzwa mwezi mmoja kabla, angetosha kununua godoro, mashuka, sabuni na nauli ya hospitali. Tulimheshimu marehemu kuliko tulivyomheshimu mgonjwa.

Katika nchi nyingine wazee wengi dhaifu hulelewa katika makao maalum, na huko watu hujadili jinsi ya kuwafundisha wauguzi wa makao hayo. Kwetu Tanzania makao ya namna hiyo ni machache, kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga mjini Morogoro, nayo ni kwa wasio na wa kuwatunza. Mzee wa Rungwe kwa kawaida hufia nyumbani. Makao yake ni chumba cha nyuma, na muuguzi wake ni binti au mkwe ambaye hakufundishwa na mtu yeyote.

Ipo huduma iitwayo tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa, hata pale ambapo hatapona. Si jambo geni katika Afrika Mashariki. Daktari Anne Merriman aliianzisha Kampala mwaka 1993, akitumia mofini ya kunywa, ambayo ni unga uliochanganywa na maji. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalum kuiandika. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza mwaka 1999 kuwafuata wagonjwa majumbani mwao. Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo hutoa tiba hiyo, lakini kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Nani atambeba bibi yule hadi huko?

Wako wanaotuuliza: “Baba, mofini si kumwua mtu polepole?” Hapana. Hutolewa kwa kipimo kidogo, kila baada ya saa nne, na kuongezwa kadiri ya maumivu, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa kwa dawa kali, na Yohane Paulo II akalirudia fundisho hilo katika Evangelium Vitae mwaka 1995. Wengine husema mateso yatolewe sadaka. Mgonjwa mwenyewe aweza kuyatoa. Sisi tulioketi tukinywa chai hatuna ruhusa ya kuyatoa kwa niaba yake.

Kuna yasiyohitaji daktari: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumlainisha midomo kwa kitambaa chenye maji, kuhakikisha shuka ni kavu, kumpokea mlezi ili naye alale. Lakini dawa ni wajibu wa wenye mamlaka. Sera ya Taifa ya Wazee imekuwapo tangu mwaka 2003. Basi Kamati hii iende Makandana, iende Igogwe, iulize kwa adabu: je, dawa ya maumivu makali ipo, na nani ana idhini ya kuiandika? Jibu liletwe hapa, tulisikie sote.

Kwa upande wetu tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ilete majina ya wazee wasioinuka kitandani, pamoja na majina ya wanaowatunza. Yaletwe kabla ya Majilio. Hao walezi watakutanishwa ukumbini kwa siku mbili za mafunzo. Yule mkwe wa marehemu bibi tumemwomba awe mmoja wa wafundishaji, naye amekubali.