Uzamili wa Pili: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Ada

(Mada iliyowasilishwa mbele ya wakaazi wa Bububu, Unguja, katika mikutano ya elimu kwa mtumiaji)



Tulipokutana hapa mara iliyopita tulizungumzia mizani na bidhaa zilizopitwa na muda. Mwisho wa kikao mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ratiba. Alisema mwanawe ana shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, hii tunayoiita MBA, lakini kazi anayoifanya haimridhishi. Sasa anataka kusoma uzamili wa pili, wa biashara pia, ili abadilishe kazi. Mama ana kiwanja Chuini. Akauliza: nikiuze?

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, na nikakiri moyoni kwamba nimemjibu vibaya. Nilisema elimu haina mwisho. Ni kweli haina mwisho, lakini ada inao, na mkopo pia unao. Basi leo nimerudi kumjibu sawasawa, na kwa kuwa naamini hayupo peke yake, tutasikiliza sote.

Kwanza niweke lugha sawa. Watu wengi huita uzamili "shahada ya pili". Nikitumia maneno hayo hapa tutachanganyikiwa, kwa hiyo nitasema "uzamili wa pili", yaani mtu ameshamaliza uzamili mmoja na anaanza mwingine.

Inafaa pia tukumbuke tulikotoka. Kabla ya mwaka 1998 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika visiwa hivi. Aliyetaka shahada alivuka bahari. Leo kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUMAIT huko Chukwani, na tangu mwaka 2023 hata tawi la IIT Madras ya India lipo Bweleo. Juu ya hivyo kuna vyuo vya Bara na vya nje vinavyosomesha kwa njia ya intaneti, na mawakala wake. Hii ni neema kubwa. Ila pale bidhaa zinapokuwa nyingi sokoni, mnunuzi hulazimika kuwa na macho zaidi kuliko alipokuwa na duka moja tu mtaani. Elimu inayolipiwa ada ni huduma, na anayelipa ni mtumiaji. Sheria yetu ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ya mwaka 2018 haikuandikwa kwa ajili ya sukari na mchele peke yake.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ipo ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9, na uzamivu ngazi ya 10. Mwenye uzamili akisoma uzamili mwingine, anatoka ngazi ya 9 na kufika ngazi ya 9. Hakupanda. Anayepanda daladala ya 502 mara mbili kwa siku atafika Bububu mara mbili; hatafika Chwaka kwa sababu amelipa nauli mbili.

Sisemi kwamba hakuna faida kamwe. Mtu mwenye MBA anayetaka kuwa mtaalamu wa takwimu, au wa afya ya jamii, anaweza kuhitaji uzamili wa fani hiyo, kwa sababu maarifa yenyewe ni mapya kwake. Tatizo ni uzamili wa pili wa biashara juu ya uzamili wa biashara. MBA ilipoanza katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1908, ilikusudiwa kuwa mafunzo mapana ya uongozi wa biashara kwa watu waliokwisha kuwa na shahada. Upana huo ukishaupata, masomo ya fedha, masoko, na usimamizi wa watu utakayokutana nayo mara ya pili kwa sehemu kubwa ni yale yale, yamebadilishwa jalada. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vya nje havipendi kabisa kumpokea katika MBA mtu ambaye tayari anayo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "chuo gani?", uliza "mlango gani?" Nani hasa ana kazi unayoitaka, na yeye anadai nini? Nilikwenda kuonana na kijana wa yule mama, na ameniridhia nieleze mazungumzo yetu bila kutaja jina lake. Anataka kufundisha chuo kikuu. Alidhani uzamili wa pili wenye alama nzuri utamfungulia. Nikamwomba tusome pamoja matangazo ya kazi za wahadhiri wasaidizi katika vyuo vya umma. Kwa kawaida matangazo hayo hudai wastani wa alama usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, kati ya 5. Uzamili wake una 4.2. Shahada yake ya kwanza ina 3.4.

Tulikaa kimya kidogo. Kikwazo chake kipo nyuma, katika shahada aliyoimaliza zamani, na uzamili wa pili, hata akipata 5 kamili, haugusi namba ile. Kiwanja cha mama kingeuzwa ili kutibu mguu wa kulia wakati jeraha lipo wa kushoto.

Milango mingine ina walinzi wengine. Anayetaka kuhamia uhasibu, mara nyingi mwajiri atamuuliza kuhusu CPA kabla ya kumuuliza kuhusu uzamili. Mitihani ya CPA inasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), hufanyika Mei na Novemba, na mwenye shahada isiyo ya uhasibu anaweza kuianza kwa kupitia ngazi za chini zaidi. Mtu anaweza kuifanya huku yupo kazini, akilipia kadiri anavyosonga mbele. Kwa mtumishi wa umma, cheti kipya hakimbadilishi kada peke yake: lazima nafasi iwemo katika ikama na mwajiri aridhie. Muulize afisa utumishi wako, kwa maandishi, kama kada unayoitaka ina nafasi, na kama ukihamishwa utaanzia daraja la chini. Swali la pili watu hulisahau, halafu hushangaa mshahara umepungua baada ya kuhitimu.

Nami nina la kukiri. Miaka mitatu iliyopita, kabla sijaajiriwa katika taasisi hii, nilikuwa na MBA na kazi ya kupokea nafasi za wageni katika hoteli. Nilitaka kutoka. Wakala mmoja alinieleza habari za uzamili wa pili katika chuo cha nje, masomo kwa intaneti, miezi kumi tu. Akataka shilingi 650,000 za "kushikia nafasi", na nikamtumia kwenye namba yake binafsi ya simu. Mama yangu aliuza bangili. Baada ya kulipa ndipo nilipoingia katika tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kuuliza, na kuelezwa kwamba cheti cha chuo kile kisingetambuliwa. Wakala alinionyesha mstari mdogo chini ya stakabadhi: fedha hazirejeshwi. Mwaka uliofuata niliomba kazi hapa. Katika usaili niliambiwa niandike barua ya ukurasa mmoja kumweleza mfanyabiashara kosa lake kwa lugha ya heshima. Hakuna aliyeniuliza kuhusu uzamili wa pili.

Bangili haikurudi. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri katika haya.

Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Tume ya Vyuo Vikuu inahudumia Zanzibar na Bara. Tume huorodhesha vyuo na programu zilizoidhinishwa nchini, hutambua na kulinganisha vyeti vya nje, na husajili mawakala wa kupeleka wanafunzi ng'ambo. Angalia jina la chuo, kisha angalia jina la programu yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na programu fulani ikawa haijaidhinishwa. Angalia kabla ya kulipa hata ada ya fomu. Na malipo yaende katika akaunti ya chuo, au kwa vyuo vya umma kupitia namba ya malipo ya Serikali. Namba ya simu ya mtu binafsi si ofisi ya fedha ya chuo chochote.

Omba kwa maandishi masharti ya kurejeshewa fedha. Uliza gharama zisizoandikwa katika tangazo: usajili wa kila muhula, mitihani, usimamizi wa tasnifu, mahafali. Uliza hasa itakuwaje tasnifu ikichelewa, maana wanafunzi wengi hukwama hapo, na kila muhula wa ziada una ada yake. Kama ada imetajwa kwa dola, kumbuka kwamba mshahara wako ni wa shilingi.

Kisha kuna mkopo. Tuchukue mfano wa shilingi milioni 10 kwa miezi 36, riba asilimia 16 kwa mwaka. Benki moja ikikokotoa riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa takriban 411,000 kila mwezi, jumla milioni 14.8. Nyingine ikikokotoa juu ya salio linalopungua, utalipa takriban 352,000 kila mwezi, jumla kama milioni 12.66. Asilimia ni ile ile 16 katika matangazo yote mawili, lakini tofauti inapita milioni mbili. Usiulize asilimia peke yake. Uliza jumla nitakayorejesha ni shilingi ngapi, na uandikiwe. Wanaotumia huduma za Kiislamu nao waulize jumla hiyo hiyo pamoja na gharama za kuchelewa, maana uhalali wa mkataba hauondoi haja ya kuusoma.

Halafu linganisha jumla hiyo na nyongeza halisi ya kipato. Ikiwa kazi mpya itakuongezea 150,000 kwa mwezi, deni la milioni 14.8 litachukua zaidi ya miaka minane kujilipa, na hapo sijahesabu nauli wala jioni ambazo watoto watakula bila ya wewe kuwapo. Hesabu ya jioni hizo naiacha kwa kila mtu na nyumba yake.

Kwa aliyekwisha kulipa na anahisi amedanganywa, asikae nyumbani kwa aibu. Mimi nilikaa, na nilikosea. Njoo na stakabadhi, tangazo lenyewe au picha yake, ujumbe wote wa simu mliotumiana na wakala, na mkataba kama upo. Usifute ujumbe kwa hasira. Lalamiko lenye karatasi tatu lina nguvu kuliko lenye machozi, ingawa machozi pia tunayapokea.

Yule kijana kwa sasa amewaandikia watu wanne wanaofanya kazi za utafiti na mafunzo nje ya vyuo vikuu, kazi zinazofanana na anayoipenda na zisizouliza 3.8. Wawili wamemjibu, na mmoja amemkaribisha akajitolee siku za Jumamosi. Mama yake yupo hapa leo, ameketi karibu na dirisha, na kabla ya kikao ameniambia kwamba mnunuzi wa kiwanja bado anampigia simu na yeye bado hajapokea.

Nakaribisha maswali. Tuanze na kijana wa nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipoitaja 502.