Kalenga na Utengule: Historia ya Pande Mbili
Pale Kalenga, Iringa, fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limehifadhiwa katika sanduku la kioo. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirejeshe, likarudi 1954. Kuirejesha historia ni kazi nyingine.

Wahehe husimulia kwamba ukoo wa Muyinga, ambao ndio ukoo wa Mkwawa, ulitokana na mwindaji mgeni aliyezaa na binti wa mtawala mwenyeji. Simulizi hiyo huhalalisha utawala. Si cheti cha kuzaliwa. Na upande wa Mbeya, Wasangu wa mtawala Merere, waliofukuzwa kwao na Wahehe, waliwaunga mkono Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Hilo nalo lisifichwe.

Wazee wa Kalenga na wa Utengule, kwa Wasangu, warekodiwe wangali hai. Shujaa hapungui kwa kusemwa ukweli wote.